Ng'ombe wa Mama na Albamu ya Kiarabu

Dada yangu alirudi Mwala kutoka Ghuba, alikokuwa akifanya kazi za nyumbani, na vitu viwili: blanketi zito ambalo kwa jua letu ni la kuulia mtu, na albamu ya muziki wa Kiarabu wa kucheza, yote kwa simu yake. Kila wimbo ulianza pole pole na fidla, kama msiba, halafu ghafla ngoma, vigelegele, na mwanamke anayeimba kama amekalia siafu.

Mama, kiongozi wa akina mama kanisani, alisikiliza wimbo mmoja akatoa hukumu.

"Muziki wa kutingisha kiuno hauingii kwa nyumba yangu. Ngoma ivumayo haidumu!"

"Mwaitu, si hata huelewi wanasema nini," dada akasema, akimwita mama kwa Kikamba chetu.

"Kiuno kinaelewa."

Basi albamu ikahamia zizini. Dada alikama kila jioni, simu kwenye msumari, yeye na ndoo wote wakitingika. Na yule ng'ombe wetu mweusi, mwenye roho mbaya, aliyenipiga mateke kuliko mwalimu yeyote, akafumba macho akacheua kwa mdundo. Maziwa yakaongezeka hadi jirani akauliza tunamlisha nini. Ningemwambia nini, fidla?

Kisha dada akaolewa, akahamia Syokimau na simu yake. Jioni ya kwanza Mama akaketi kukama. Teke! Akaimba wimbo wa kanisa. Teke! Akamwombea ng'ombe kwa sauti, na huyo mnyama akamkojolea kiatu. Nilicheka mpaka nikatupiwa kamba.

"Niombe hizo nyimbo kwa WhatsApp?" nikauliza.

"Aka! Takataka hiyo haiingii kwa simu yangu."

Lakini nyumba ilikuwa kimya mno. Mama alikuwa bado anapika chai ya watu watatu, na mimi, nasema ukweli, si mtu wa maana wa kupiga naye hadithi. Siku chache zikapita, akanijia akiangalia pembeni. "Mpigie dada yako. Mwambie ni ng'ombe anataka."

Ikawa hivyo kila jioni. Dada kule Syokimau anaweka simu karibu na redio aliyoihamishia nyimbo zake, mimi huku naishika karibu na sikio la ng'ombe, Mama anakama. Mabega yake yalianza kucheza. Nilijifanya sioni, kwa usalama wangu.

Sasa ng'ombe ana mimba kubwa na maziwa yamekauka kabisa. Jana jioni nilimkuta Mama zizini peke yake, kwenye kigoda, bila ndoo, simu sikioni, sauti imefunguliwa yote. Ng'ombe mwenyewe alikuwa kule ng'ambo akila nyasi.

"Mwaitu, leo ametoa vizuri?" nikamsikia dada akiuliza.

"Vizuri sana," Mama akajibu. "Lakini bado hajamaliza. Hebu rudia ule wa tatu."