Mgonga Jibini Achomekwa Sikio

Kreszenz Felder aliingia chumba cha mtaalamu wa masikio akitetemeka kama kuku aliyeonyeshwa kisu. Nyuma yake mumewe, Vinzenz, alihema na gunia lenye mabonge mawili ya jibini: moja zima, moja limepasuka ndani.

Miaka thelathini Kreszenz ndiye alikuwa mgonga jibini wa kijiji. Aligonga bonge kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Likiitika kwa kina ni zima, likikoroma limepasuka tumbo, ni bovu. Masikio yalipomwasi, alipitisha mabonge arobaini mabovu kwa baraka zote. Ushirika wa jibini wa kijiji ukampa muda hadi vuli, la sivyo funguo za ghala apewe shemeji yake Gebhard, mtu asiyeweza kutofautisha jibini na sabuni.

Ndipo akakubali kupasuliwa na kutiwa ndani ya sikio waya wa kusikilizia, utakaowashwa kidonda kikipona. Kisu kikaondoka na kile kidogo alichokuwa bado anasikia. Mwezi mzima akingoja kidonda kipone, alikuwa kama amezikwa akiwa hai.

“Vinzenz, kidude kikiwashwa halafu kimya?”

Mumewe akamwandikia kwenye kikaratasi: *Nitapumzika kukujibu.*

“Mbwa wewe!” Lakini mkono wake hakuuachia.

Mtaalamu, binti aitwaye Ilga, akamnatisha kidude kichwani kwa sumaku, akabonyeza kompyuta. Pii. Pii. Kisha sauti kama ya bata aliyemeza redio: “Mama, unanisikia?”

“Nakusikia. Pole kwa mafua.”

Papo hapo akachomoa nyundo.

“Mama, hapa hatupimi jibini!”

“Mimi napima.”

Akagonga zima: *ti*. Akagonga bovu: *ti*.

“Yote yanalia bati! Yote!”

“Ubongo unajifunza upya, mama. Ni miezi.”

“Vuli imebaki wiki sita, binti.”

Kreszenz akageukia ukuta asiyaone mabonge, akamwamuru Vinzenz agonge, yeye ataje zima au bovu. Akabahatisha, akakosa. Akakosa tena.

“Ungenidanganya hata mara moja!” akamfokea mumewe.

“Na ghalani nani atakudanganya?”

Mara ya kumi na moja akasita. “Hilo... bati lake lina kikohozi. Bovu.”

“Bovu,” Vinzenz akasema.

Lililofuata akakosa. Ilga akatazama saa, akafunga mlango kwa ndani, akakaa sakafuni kando ya gunia.

“Gonga,” Kreszenz akasema. “Gonga, mzee, usinionee huruma.”