Saini ya Mpwa

Jina lake halisi nililisikia mara moja tu, likiitwa mahakamani, na hata yeye mwenyewe alichelewa kuitika. Mtaani aliitwa Mpwa. Mjomba wake alimwita hivyo tangu alipomchukua akiwa msichana mdogo, wateja wakaiga, nasi majirani tukafuata. Mjomba tulimwita Mzee Sponji, kwa utani, maana alikuwa mgumu kama ubao.

Walikuwa mafundi makochi. Karakana yao na kibanda changu cha viatu vinagawana ukuta, kwa hiyo nilijua wanapogonga misumari na wanapogombana. Mzee aliunda mbao na kufunga springi. Mpwa alikata vitambaa, akashona, akavalisha. Misumari aliishika kwa midomo, na ukimchokoza alikujibu bila kuitoa. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba chake, chenye kitanda, jiko na dirisha linalotazama choo cha jirani. Wachumba walikuja. Mmoja alimtaka aache kazi ndipo amuoe. Mpwa akamwambia aanze yeye kuacha ya kwake.

Walikuwa na desturi moja. Kochi halikutoka mlangoni mpaka ligeuzwe miguu juu, wasaini chini yake kwa chaki, mzee kwanza, Mpwa akifuata. Mteja akirudi na malalamiko, kochi linageuzwa na wote wawili wanajibu. "Anayeogopa kusaini kazi yake," mzee alipenda kusema, "ujue kaiharibu."

Mzee alikuwa na wana wawili wa kiume, watu wa ofisi, wanaoishi mbali. Kifua kilipombana hadi akawa anatembea kwa kushika ukuta, aliyemwosha, akamlisha na kumgeuza kitandani alikuwa Mpwa. Sisemi wanawe walikuwa wabaya. Nasema hawakuwepo.

Asubuhi moja mzee akaniita. Nikamkuta ameketi kwenye meza ya kukatia vitambaa, mbele yake karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Akiba ya benki aliwaachia wanawe. Karakana, vifaa na kile chumba cha nyuma alimwachia mpwa wake. Alikuwa amesikia kwamba wosia unataka mashahidi wawili, nami nikawa wa kwanza. Kinyozi wa mlango wa tatu alikuwa amesimama kizingitini, kitana mkononi, kama kawaida yake pakiwa na jambo.

"Mzee, hata mimi nipo," akasema.

"Wewe? Ukimnyoa mtu asubuhi, mchana mtaa mzima unajua ana makovu mangapi kichwani. Hebu nenda zako!"

Tukacheka, na kinyozi mwenyewe akacheka akienda zake.

"Wa pili ni huyu," mzee akasema, akimwonyesha Mpwa kwa kidevu. "Kuna kazi gani iliyowahi kutoka humu bila saini yake?"

Mpwa akajipangusa mikono kwenye aproni, akasaini chini ya saini ya mjomba wake, pale pale palipokuwa mahali pake siku zote. Alitabasamu, na si mtu wa kutabasamu ovyo. Hakuna kati yetu aliyeona kasoro yoyote.

Mzee alipofariki, wanawe walikuja, wakalia, wakamshukuru Mpwa kwa kumtunza baba yao, wakaondoka. Mpwa akapeleka wosia mahakamani. Tangazo la mirathi likabandikwa ubaoni, na kabla muda wake haujaisha, mtoto mkubwa wa mzee akaweka pingamizi. Mimi nilikasirika. Mpwa hakutikisika.

"Wosia upo, fundi," aliniambia. "Mjomba kasaini, na mimi nimesaini. Wataugeuza kama kochi, waone."

Nilimsindikiza masijala. Karani alikuwa mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole. Aliusoma wosia, akashuka hadi kwenye saini, akapanda tena juu.

"Huyu shahidi wa pili ni nani?"

"Ni mimi," Mpwa akajibu kwa fahari.

"Na huyu anayeachiwa karakana?"

"Ni mimi."

Mama akavua miwani. "Nani aliwashauri, mwanangu?" Kisha akaeleza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba sheria haimpi shahidi kitu katika wosia alioushuhudia, kwa kuogopa asije akawa amemshinikiza marehemu. Wangekuwepo mashahidi wengine wawili wasiorithi chochote, saini yake isingemdhuru.

"Basi ya kwangu ifutwe," Mpwa akasema.

"Ikifutwa anabaki shahidi mmoja, na wosia wote unakufa."

Ndipo nikamkumbuka kinyozi na kitana chake mlangoni. Mpwa naye alimkumbuka, maana alishika ukingo wa dirisha la karani kwa vile vidole vyake vigumu vya kuvuta uzi.

Siku ya kusikilizwa, hakimu hakuwa mkali. Alisema mahakama haina shaka kwamba marehemu alitaka karakana iwe ya mpwa wake. Kisha akasema "lakini," na baada ya hapo waliosikiliza kwa raha walikuwa upande wa pili tu. Fungu la Mpwa lilikuwa batili. Karakana na chumba vilikwenda kwa watoto wa marehemu.

"Mheshimiwa," Mpwa akauliza, "sasa angemwamini nani mwingine?"

"Nakuelewa, mama," hakimu akasema, akafunga faili.

Kumwelewa kwake hakukuwa na chumba cha kulala. Nilirudi nyumbani nikimkasirikia mzee, Mungu amrehemu, na ujuaji wake wote. Alitaka kumpa heshima, akamnyang'anya nyumba. Maji yakimwagika hayazoleki. Kinyozi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, hajaligusa jambo hilo mpaka leo.

Yule mwana mkubwa alikuja kupokea funguo. Hakuja kwa ubishi. Alimkuta Mpwa amemaliza kochi la mwisho, lile ambalo mzee aliliacha springi ziko wazi, na akalisifu. Halafu akatoa karatasi ya makabidhiano.

"Saini hapa, dada, kwamba umekabidhi kila kitu."

Mpwa alishika kalamu.

"Kaka, nikisaini hii napoteza nini?"

Yule ni mtu wa ofisi. Alilichukua swali kwa uzito, akaisoma karatasi yote upya kutoka juu hadi chini.

"Hakuna, dada," akasema. "Hakuna kilichobaki."

Mpwa akasaini. Wakahitaji shahidi, wakanigeukia mimi, nami nikasaini. Saini yangu haijawahi kunikosesha kitu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniachia kitu. Mpwa akachukua begi lake la nguo. Mkasi aliuacha mezani, maana nao ulikuwa mali ya marehemu.