Meza ya Mama Gyuwon Yatafuta Jina

Tangu mwanawe ampigie simu ile, Mama Gyuwon hakukaa kitako. Alikuwa anashuka kwangu asubuhi, anakunywa nusu kikombe cha chai ya shayiri, anapanda kwake juu, halafu anashuka tena kabla sijasuuza kikombe, simu mkononi, miwani kichwani, akiniuliza kama nimeiona miwani yake. Na mimi subira yangu ni fupi. Nilimwambia lifti ya jengo hili ingekuwa na mdomo, ingeshamtukana.

Shida yenyewe ilikuwa jina la blogu. Kwa miaka zaidi ya kumi ameandika blogu inayoitwa Meza ya Mama Gyuwon, na humo ametia kila kitu: kabichi ya kimchi iliyochacha kupita kiasi, ugomvi wa maegesho, magoti yake, mimi, na zaidi ya yote Gyuwon. Gyuwon alipofeli mtihani wa udereva, tulisoma. Gyuwon alipoachwa na msichana wake wa kwanza akamaliza sufuria nzima ya wali, tulisoma. Sasa Gyuwon ni mtu mzima, anafanya kazi Seoul, na kabla ya mwaka kwisha anaoa. Wenzake wa ofisini wakaingia mtandaoni kutafuta picha zake za utotoni wamtanie kwenye harusi. Badala ya picha wakakuta habari ya dawa ya kukuza nywele, ile ambayo mama yake alimtumia kwa posta na kuieleza kwa kirefu, upara ulianzia wapi na umefika wapi. Waliisoma kwa zamu wakati wa chakula cha mchana.

Alipiga simu jioni ile ile. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtia mama yake hofu.

"Mama, kuanzia leo sikuambii kitu," alisema. "Nikiumwa hutajua. Nikipata mtoto utasikia kwa watu. Mpaka ulitoe jina langu pale juu."

Mtu wa mbali atasema, si alitoe tu? Alitoe aweke nini? Hapa kwetu Cheongju mwanamke akishazaa, basi, ni mama wa fulani, sokoni, kanisani, kwa wakwe, hadi kitandani. Mumewe, Mungu amrehemu, alimwita Mama Gyuwon mpaka siku aliyokata roho. Wasomaji wake wote wanamjua kwa jina hilo. Aliogopa kwamba akilifuta naye atafutika, na alinieleza hivyo kavukavu, huku akimenya vitunguu saumu vyangu bila kuombwa.

Basi akaanza kubadilisha. Jumatatu blogu iliitwa Chai ya Shayiri, na kabla ya jua kuzama mfanyabiashara mmoja wa shayiri alikuwa ameshamlalamikia kwamba jina ni lake. Akaweka Dirisha la Mashariki. Nikamwambia hilo ni jina la nyumba ya kuandalia maiti. Akaweka Pilipili Juani, kwa kuwa tulikuwa tumezianika pilipili zetu pale kwenye maegesho, na wasomaji wakaanza kuagiza pilipili. Wengine wakamuuliza kama yuko salama, au kuna mtu ameiba simu yake. Usiku hakulala. Nilimsikia juu ya kichwa changu akitembea kutoka jikoni hadi sebuleni, na kurudi.

Akaniburuta hadi kwa mzee mmoja karibu na soko, anayetunga majina ya watoto wachanga na ya maduka. Mzee alitaka saa aliyozaliwa. Mama Gyuwon hakuijua, alijua tu kwamba wali ulikuwa bado haujapakuliwa. Mzee akahesabu kwa vidole, akafumba macho, akatoa jina refu lenye lulu, chemchemi na bahati ndani yake. Njiani nikamwambia nimewahi kuoga kwenye bafu la umma lenye jina kama hilo, na maji yalikuwa ya vuguvugu.

"Weka jina lako mwenyewe, yaishe," nilisema.

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo barabarani. Akasema halifai. Sikumuuliza zaidi, na ukweli ni kwamba miaka yote hiyo ya kuishi yeye juu na mimi chini, jina hilo sikulijua. Sikuwahi kulihitaji.

Alhamisi tulikwenda kliniki kwa ajili ya magoti. Benchi lilijaa wanawake wa rika letu, kila mmoja amekunja suruali. Muuguzi akatoka akaita, "Bi Pyo Malsun." Akaita tena. Mama Gyuwon alikuwa ameinamia simu anajaribu jina jingine. Mimi nikageuza shingo kumtafuta huyo Malsun, maana jina hilo sote tunalijua. Walikuwa wakipewa jina hilo mabinti wa zamani, maana yake ni msichana wa mwisho, ili atakayefuata awe wa kiume.

"Maskini," nikamnong'oneza mwenzangu. "Wazazi wake walikuwa wamechoka na mabinti."

"Maskini kweli," akasema, bila kuinua kichwa.

Muuguzi akaita mara ya tatu, akakata tamaa, akamwita mwingine, na mwingine, wote waliotukuta pale. Tukaanza kunung'unika kwamba siku hizi foleni haina heshima. Mama Gyuwon akainuka akaenda kugomba. Muuguzi akaangalia kompyuta yake, akamwangalia yeye.

"Nimekuita na kukuita, mama," akasema. "Si wewe Pyo Malsun?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Yeye aliingia, akachomwa sindano yake, akatoka, tukapanda basi. Tulipofika maegesho alikaa chini kando ya pilipili, akaanza kuzigeuza moja moja, ingawa zilikuwa zimeshakauka.

"Baba alitaka mtoto wa kiume," akasema. "Nikaja mimi. Akanipa hilo jina niwe kufuli."

"Kufuli lilifunga?" nikauliza. Mdomo wangu haunaga breki.

"Lifunge wapi! Baada yangu akazaliwa Malja, binti tena."

Tulicheka hadi mlinzi akachungulia. Kisha kicheko chake kikageuka, akalia, nami nikamshika mgongo.

"Nilipomzaa Gyuwon nilifurahi mara mbili, Mama Yerin," akasema. "Nilipata mtoto, na jina lile nikaachana nalo. Leo limeniita mbele ya watu, na mimi nikalionea huruma kama la mtu nisiyemjua."

Tukazikusanya pilipili tukapanda juu.

Jioni ile blogu ikaitwa Meza ya Malsun. Alipekua habari zake zote za nyuma, na kila penye Gyuwon akaandika "mwanangu", na ile ya upara akaifuta yote. Kijana alipiga simu wakati mimi niko pale pale nakula viazi vitamu vyake.

"Mama, ni jina gani hilo tena?" akauliza. "Watu watacheka."

"Wacheke. Umekula?"

Akasema amekula. Nikaacha kutafuna ili nisikie. Halafu akasema amekula supu ya maharage, peke yake, kwa sababu amegombana na mchumba wake juu ya ukumbi wa harusi, na hajui aanze vipi kuomba radhi. Mama yake alikaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze kumwona ametulia.

Alipomaliza kuongea naye alivaa miwani, akavuta simu karibu, akasema anataka kuandika habari ya kliniki, na mimi nimo.

"Nikimtaja Yerin wako, naye atakuja juu kama mwenzake," akasema. "Nikuandike nani?"

"Andika Mama Yerin tu, dada. Nani atajali?"

"Nakuuliza jina."

Kidole chake kilikuwa kinasubiri juu ya kioo. Nikasema, "Geumrye. Heo Geumrye," na sauti ikatoka ndogo, kama ya mtoto siku ya kwanza shuleni.

Akaliandika polepole. Kisha akalisoma kwa sauti, "Geumrye," nami kabla sijafikiri nikajikuta nimeitika, "Abee."