Whitney Wanne

Mwaka wa tisini na nne, karibu na soko la Umoja, Mwangangi alikuwa na chumba cha kupiga chapa. Ndani yake mlikuwa na kompyuta moja, aliyoifunika kwa kitambaa cha kufuma kama kiti cha wageni. Kaluki alikuwa wa kufagia na kupokea wateja. Masomo yake yaliishia darasa la nane, lakini macho alikuwa nayo. Alisimama nyuma ya Mwangangi na fagio lake, mtoto wake Ndete mgongoni, akitazama amri zikiandikwa kwenye kioo cheusi. Mwangangi akitoka kunywa chai, Kaluki alizinakili nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto.

Alhamisi moja Mwangangi alikuwa Machakos mazishini. Saa nane mchana akaingia mama mmoja wa mtaa wa Tassia, Amolo, akihema. Barua yake ya kuomba kazi ya ualimu wa nasari, aliyopigiwa chapa hapo wiki mbili nyuma, ilikuwa imemwagikiwa chai. Ile aliyoiandika kwa mkono aliitupa zamani. Na leo ndiyo siku ya mwisho, ofisi inafungwa saa kumi na moja.

Kusikia Mwangangi hayupo, Amolo aliketi kwenye benchi.

"Miaka sita nafundisha watoto wa watu kwa stoo ya kanisa," alisema. "Sasa nishindwe na kikombe cha chai."

Kaluki alikivuta kile kitambaa, akawasha kompyuta, akaiweka kadi ya kliniki kando yake. Moyo ulimpiga mpaka Ndete akaamka.

Alitafuta AMOLO. Mashine ikajibu hakuna. Akatafuta OCHOLA, jina la mume. Hakuna. Basi akaandika dir /s /p, ile amri ya kuonyesha kila kitu, kioo kimoja kimoja. Majina yakajaa: AUSTINE, NDOLO, MBETI. Aliyasoma akashangaa. Huyu Austine si yule wa mama wa mandazi, aliyemuuma Ndete sikio siku ya Pasaka? Na Mbeti si kifungua mimba wa fundi wa nguo hapo mbele?

Mwangangi hangeweza kumwita mama wa watu kwa jina lake, aliona ni kumkosea adabu. Mdomo wake ulisema Mama Austine, na vidole vikaandika Austine.

"Dada, mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

"Barua imepotea, na wewe unataka habari za watoto?"

"Niambie tu."

"Whitney."

Kaluki akacheka. Miaka hiyo, kwa sababu ya yule mwimbaji wa Marekani, ploti isiyo na Whitney ilikuwa bado kupata wapangaji. Akaandika dir whit*.* /s, wakatokea wanne: WHITNEY1 hadi WHITNEY4. Aligeuza kadi. Chini kabisa alikuwa ameandika find, amri ya kutafuta neno ndani ya faili. Akaandika find "Amolo", kisha jina la faili ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Ndete akaanza kulia; akamtikisatikisa mgongoni, vidole vikiendelea. Ya tatu, mstari mmoja ukaruka juu ya kioo: jina lote la Amolo, lile la mwisho wa barua.

Amolo aliinuka. Kaluki akaandika amri ya kuchapisha. Printa ikapiga kelele mstari kwa mstari, naye akaisubiri karatasi kwa mikono miwili. Mlangoni aligeuka.

"Na wewe ni nani?"

"Mama Ndete."

"Hilo ni la mtoto. Nataka lako."

Tangu ajifungue hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Kaluki," alisema, na shavu likapata moto.

Saa kumi na nusu simu ililia kwenye duka la Kahin, jirani, ile ambayo namba yake Mwangangi aliibandika mlangoni kwa wateja. Kahin akatoka nje, akaangalia huku na huku.

"Kuna mtu anasema barua imepokelewa na imegongwa muhuri," alipaza sauti. "Anataka Kaluki aambiwe. Kaluki ni nani hapa?"

Kaluki alikuwa tayari mlangoni.

"Ni mimi," alisema.