Fundi wa foleni aliyeshuka mtaroni

Jua limechomoza lakini umande haujakauka. Pembeni ya mtaro wenye kina cha mtu mzima, mwanamke ameketi juu ya mfuko wa saruji iliyoganda kwa unyevu, kompyuta mpakato mapajani. Skrini yake ni nyeusi tii, maandishi meupe. Hakuna picha wala vitufe vya kubofya. Anaandika amri herufi kwa herufi, na kila neno analitamka kwa sauti ya chini kama mwanafunzi anayekariri.

Mafundi bomba wanamtazama, majembe mikononi. Msimamizi wao, mwanamume mpana wa kifua ambaye wenzake humwita Spana, anakohoa kidogo.

"Dada Foleni, unaandika au unaomba dua?"

"Vyote viwili," anajibu bila kuinua macho.

Wanacheka, lakini ni kicheko cha nusu mdomo. Bomba kuu lililoko chini ya mtaro huu lazima likatwe leo, na Spana ndiye wa kushuka kulikata. Mara ya mwisho aliposhuka kwa kuamini neno la kompyuta, alitolewa akiwa amevunjika mtulinga.

Dada Foleni ni mwajiriwa wa mkataba katika shirika la maji. Mkataba wenyewe ni wa miezi mitatu mitatu, na ndio unaolipa kodi ya vyumba viwili anavyoishi na mama yake na binti yake. Kazi yake haina makofi. Maji yakitoka, hakuna anayemkumbuka; yakikatika, lawama humfuata mpaka nyumbani. Mama yake aliwahi kujitapa mtaani kwamba mwanawe ndiye anayefunga maji ya mji mzima. Tangu siku hiyo, kila bomba likikauka, majirani huja dirishani na ndoo zao.

"Nilimwambia, mama, mimi sifungi maji," anasimulia. "Mimi napanga mahali pa ujumbe kusubiri. Akaniambia, basi waambie hao majirani hivyo hivyo, tuone kama wataondoka."

Na ndivyo kazi ilivyo. Katika chumba kilichofungwa makao makuu ya shirika kuna seva, kompyuta kubwa isiyolala. Ndani yake programu moja hupokea malalamiko ya wateja, nyingine huwaita mafundi, nyingine huwaarifu wafunga koki. Programu hizo hazijuani. Moja huacha ujumbe, nyingine huja kuuchukua, na mahali pa kuuacha hapajiumbi penyewe. Ni lazima mtu akae aandike amri.

Amri ya kwanza, anasema, ni ya adabu. "Nabisha hodi. Naiuliza huduma ya ujumbe, upo? Ikijibu kwamba ipo, ndipo naingia. Huwezi kupanga vyombo katika nyumba usiyojua kama ina mwenyewe."

Kisha hutengeneza mlango ambao programu zitapitia. Kisha hutengeneza mahali penyewe, na hapo ndipo penye mtihani, maana mahali pa ujumbe pana aina mbili, na tofauti yake ni neno moja ndani ya amri.

Aina ya kwanza ni foleni. Hakujifunza maana yake darasani. Aliijua tangu utotoni, akiwa na ndoo kichwani, alipokuwa akitumwa kwenye bomba la mtaa kabla ya kwenda shule. "Ndoo ikijaa, maji yale ni ya mwenye ndoo. Wa nyuma hapati tone katika hayo. Ujumbe wa foleni ni hivyo hivyo. Akishauchukua mmoja, umekwisha."

Kwa taarifa ya bomba lililopasuka, foleni ndiyo inayofaa. Gari moja la mafundi huuchukua ujumbe na kwenda. Wangeupata wote, magari yote yangekutana kwenye shimo moja, watu wakasalimiana.

Aina ya pili yeye huiita mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na jambo hilo ni la kila mwenye sikio. Nikisikia mimi, hakupungui kitu katika kusikia kwako. Tangazo la kufunga maji linatakiwa liwe mbiu, kwa sababu bomba kuu hulishwa kutoka pande nne. Kila upande una koki yake kubwa, na kila koki ina mtu wake mwenye simu. Asiposikia mmoja tu, maji yanakuja.

Shirika lilipobadilisha seva, alipewa asubuhi moja kuhamisha kila kitu. Aliandika amri ya foleni ya mabomba yaliyopasuka, ikakubali. Kisha akafanya wanavyofanya wote wa kazi yake wanapokimbizwa: alibonyeza kitufe cha mshale wa juu, ambacho huirudisha amri iliyotangulia, ili asiandike upya. Akabadilisha jina la mahali, akaandika la kufunga maji. Neno la aina akalisahau. Likabaki foleni.

"Seva ikanijibu kwamba amri imefanikiwa," anasema. "Na kweli ilifanikiwa. Seva haikudanganyi, lakini pia haikuulizi kama una hakika na ulichosema."

Alijaribu kwa kutuma tangazo kwenye simu moja, yake mwenyewe. Likafika. Angejaribu kwa simu mbili, angeliona kosa pale pale.

Siku ya kazi, mfunga koki mmoja aliliokota tangazo, akafunga, akajibu kuwa amefunga. Kwa wenzake watatu simu zilikaa kimya kama mawe. Mtaroni, Spana aliona jibu la kufungwa, akadhani wote wamefunga, akaingiza msumeno. Maji yakambeba, yakampiga ukutani.

Lawama ikatafuta mgongo wa kupanda, ikaupata kwa mzee anayelinda koki ya kilimani, kunakotoka maji yenye nguvu kuliko yote, ambaye mafundi humwita Babu Koki. Alisema hakupata tangazo lolote. Wakubwa wakasema alisinzia, wakamwambia akae nyumbani mpaka aitwe.

Dada Foleni aliporudi mezani kwake aliiamuru seva imwonyeshe orodha ya kila alichokitengeneza. "Neno lile nililisoma nikadhani ni macho yangu. Nikalisoma tena, likawa lile lile, foleni."

Kufuta na kutengeneza upya ni amri mbili fupi. Angeziandika, kosa lingepotea, na hakuna ambaye angejua isipokuwa yeye. Aliinuka akaenda kugonga mlango wa meneja.

"Nilimwambia, mzee wa watu hakuzembea. Tangazo halikumfikia. Mimi ndiye niliyeliweka kwenye foleni."

Meneja alimuuliza kama anaelewa anachokisema, mkataba ukiwa karibu kuisha. Alisema anaelewa. Babu Koki akarudishwa kazini. Mkataba wa Dada Foleni ukawekwa pembeni mpaka jaribio la leo: matangazo yakifika kote, utazungumzwa; yasipofika, shirika litarudi kumpigia simu mfunga koki mmoja mmoja, na yeye hatahitajika tena.

Alikwenda pia kumjulia hali Spana. Mlango ulifunguliwa na mke wa Spana, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe kompyuta ina miguu," mama yule akasema, kisha akampisha aingie.

Spana alicheka mpaka mtulinga ukamuuma. Walizungumza mengi, ya watoto, ya mvua, ya chai iliyokuwa ikipoa. Alipokuwa akiaga, Spana alimwambia jambo ambalo hajalisahau. "Nimekusamehe, dada. Ila kusamehe ni kitu kimoja, na kushuka shimoni ni kingine."

Ndiyo maana leo hakubaki katika chumba chake chenye feni. Ameomba afanye kazi yake hapa, kwenye udongo, mbele ya macho ya wenye mgongo wa kuumia.

Amri inakubali. Anaitisha orodha, anasoma neno la aina kwa sauti ili kila mtu asikie. Ni mbiu. Anatuma tangazo.

Majibu yanaanza kurudi kwenye simu yake. Koki ya bondeni imefungwa. Ya sokoni imefungwa. Ya njia panda imefungwa. Ya kilimani, kimya.

Wanasubiri. Jua linaanza kuuma shingoni. Fundi mmoja mrefu anatia neno, kwamba yule mzee keshafunga zamani, ni uvivu tu wa kuandika, na kazi inalala.

"Hashuki mtu," anasema Dada Foleni. Hapazi sauti, lakini yule fundi mrefu anarudi nyuma hatua.

Wanasubiri tena. Hatimaye simu inatikisika. Babu Koki ameandika kwamba amefunga; koki ilikuwa imekaza, imebidi aitie mafuta kwanza.

Spana anavaa glavu taratibu. "Wote wamefunga?"

"Wote."

"Una hakika?"

"Nina hakika, kaka."

"Haya. Tangulia."

Hakuna anayecheka sasa. Dada Foleni anamtazama, kisha anafunika kompyuta, anamkabidhi fundi mrefu na kumwambia asiiweke juu ya tope. Anaomba buti. Zinazopatikana zinamzidi miguu, anazivaa hivyo hivyo, anakunja sketi, anashika ngazi na kushuka. Chini anasimama mkabala na bomba, mgongo ukigusa ukuta wa udongo.

Spana anashuka nyuma yake. Anautazama uso wa mwanamke huyu kwa kitambo, kisha anaweka msumeno juu ya chuma na kuanza kuvuta. Sauti yake inakwaruza meno. Chuma kinaachia. Maji yaliyolala ndani ya bomba yanamwagika, yanawalowesha mpaka magotini. Yanapungua. Yanakuwa uzi mwembamba, kisha matone, kisha hakuna.

Spana anaingiza mkono ndani ya bomba mpaka kiwiko, anautoa.

"Sogea, dada," anasema. "Unanizibia mwanga."

Dada Foleni anapanda juu, anaketi chini kabisa, juu ya udongo. Anavua buti, anamwaga maji yaliyomo.

Kuhusu mkataba hajaambiwa lolote hadi sasa, na anasema hatauliza leo. Anachokitaka kwanza ni kuubadilisha utaratibu wa kazi. Anataka kila amri ya kufunga maji iandikwe, isomwe na mtu mwingine, ndipo itumwe. Tena hataki msomaji awe mhandisi wala meneja.

"Asome yule anayeshuka," anasema. "Ni neno moja tu, foleni au mbiu. Spana nitamfundisha kwa dakika chache. Akilikuta limekosewa, aniite jina lolote analotaka, lakini aniite akiwa bado yuko juu."