Kompyuta ya Motokari ya Direkta

Siku ya kwanza katika garaji ya kampuni ya shaba, hapa Lubumbashi, sikupewa spana wala bisibisi. Papa Kabwe, mkuu wa kikosi cha umeme wa magari, alinipa taa ndogo yenye nyaya mbili, akaniambia nitafute umeme ulikofia katika lori moja. Nilitafuta mpaka king'ora cha saa sita. Nilipopata hakunisifu; aliniuliza tu kwa nini sikuanzia kwenye betri. Nilikuwa nimeacha shule mapema, nimepita reli, tanuri la mikate na kazi ya kupaka rangi, na kote nilichoka upesi. Pale sikuchoka. Kufuata kitu kisichoonekana ndani ya waya kulinifaa.

Kutoka malori walinihamishia mashine za shimoni, chini ya Shefu wa Matengenezo, ambaye alijua sauti ya kila mota. Baadaye, katika miaka ya Zaire, tulipokuwa tukiitana sitwayeni, yaani raia, nilirudishwa mjini kwenye garaji ya magari ya wakubwa, tena chini ya Papa Kabwe. Juu yetu alikaa Injinia wa Garaji. Huyo alivaa abakosti, suti ile isiyo na tai, na mikono yake haikuwahi kugusa grisi.

Vijana, lazima mjue jinsi kazi ilivyoandikwa. Kila gari lilikuwa na bono, karatasi ya kazi. Fundi aliandika alichofanya, mkuu wa kikosi akatia saini. Aliyeagiza hakuandika popote. Agizo lilitoka mdomoni, kosa likaingia kwenye karatasi. Sote tuliona ni kawaida, nami pia, na hilo linaniudhi hadi leo.

Motokari ya Direkta ilikuwa mpya, ya sindano: petroli hairushwi na kabureta, inapimwa na kompyuta, kisanduku cha bati kilichofichwa chini ya dashibodi. Kisanduku hicho kilikufa. Kingine kilipaswa kuagizwa Ulaya, na Direkta alitaka gari lake Jumatatu. Uani kulikuwa na motokari nyingine ya jina lilelile, ya miaka miwili nyuma, iliyogongwa. Injinia akaamuru tuchukue kompyuta ya ile iliyogongwa.

Tuliviweka visanduku viwili mezani. Fishi, yaani kiunganishi cha nyaya, ilikuwa moja, hata matundu yalilingana. Lakini namba za kwenye lebo zilitofautiana. Nikafuata nyaya moja moja, nikichora kwenye daftari. Gari la zamani lilipima hewa kwa kibao kinachosukumwa na upepo. Jipya lilipima kwa uzi wa chuma mwembamba kuliko unywele, unaopashwa moto. Tundu lililopokea habari katika gari la zamani, katika jipya lilikuwa la kitu kingine kabisa. Papa Kabwe alikwenda kumweleza Injinia, mimi nikiwa nyuma yake na daftari.

“Fishi inaingia?” Injinia akauliza.

“Inaingia, Sitwayeni Injinia. Lakini namba haiko moja. Itaunguza ule uzi.”

“Kabwe, motokari iko moja, fishi iko moja. Unangojea nini? Direkta akuje kukusaidia?”

Mafundi wawili wakacheka. Papa Kabwe aliniangalia, kisha akaichomeka. Injini iliwaka, ikatoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazima. Nilipofungua kipimo cha hewa, uzi ulikuwa umekatika. Sasa vitu viwili vilipaswa kutoka Ulaya. Na bono ilikuwa imeshatiwa saini, maana Injinia alitaka karatasi zote kabla ya saa kumi.

Papa Kabwe alikuwa na nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, unga wa kampuni. Kufukuzwa kulikuwa kupoteza vyote siku moja, yeye, Mama Agnès mke wake, na watoto sita. Alipoitwa mbele ya kamati ya nidhamu, niliomba kuingia. Nilifungua daftari, nikaonyesha waya kwa waya, nikasema nani aliagiza. Injinia alisema hakumbuki.

Mkuu wa Utumishi hakulitazama daftari. Aligeuza bono, akaweka kidole kwenye saini. “Kabwe, weye njo uliandika hapa?”

“Ni miye, sitwayeni.”

“Basi.”

Mambo yakaishia hapo. Walimpa wiki mbili atoke katika nyumba. Mimi walinirudisha kwenye malori.

Vifaa vilipofika, kompyuta yenye namba sahihi na kipimo kipya, gari liliwaka mara ya kwanza. Nilidhani sasa watamrudisha. Nilimwambia Injinia hivyo, akaniuliza kama nami nimeichoka nyumba yangu.

Jumapili nilikwenda Naviundu, pembeni mwa mji, ambako Papa Kabwe alikuwa anafyatua matofali ya kibanda chake. Kabla hata sijakaa aliuliza:

“Ile motokari ilitembea?”

“Ilitembea, Papa.”

“Na namba ilikuwa ile nilisema?”

“Ile ile.”

Akacheka, akamwita Mama Agnès aje asikie. “Unaona? Sikukosea.” Akarudi kwenye udongo wake, ametosheka kabisa.

Mimi sikutosheka. Nilifanya kazi mpaka pensheni, nikanyamaza ili nami nisifukuzwe. Siku hizi vijana wa mtaa wetu wa Hewa Bora huniletea visanduku viwili wakiuliza kama vinabadilishana. Nawasomea namba, nawafundisha kufuata waya. Kisha nawauliza nani amewaagiza. Wananiona mzee msumbufu. Sawa. Mtu alijua kazi yake, akasema ukweli mapema, akatupwa nje na wanawe kwa kosa la aliyevaa safi. Na sisi tuliokuwa tumesimama pale, kikosi kizima, Jumatatu tuliingia kazini kwa wakati.