Kinga, Alisema Madamu

"Mwizi mnamtafuta wapi? Mwizi si huyu hapa!"

Madamu, mukubwa wetu wa hoteli, alisema hivyo mbele ya wateja wenye vikombe vya chai mukononi, na kidole chake kilinionyesha mimi. Nilikuwa nimetoka umuganda, ile kazi ya lazima ya mutaa muzima, jembe bado kwenye bega, matope kwenye buti. Nyuma yake, kwenye parking ya hoteli, mashine ya kuchajia gari za umeme ilisimama na kipande cha waya kinaning'inia, kifupi kama mukia wa mbuzi. Ile waya ingine yote, nene kama kifundo cha mukono wangu, ilikuwa imekatwa na kwenda.

"Madamu, mi nilikinga," nikasema.

"Ulikinga? Kinga yenyewe iko wapi? Nionyeshe!"

"Nilikinga. Funguo hii hapa."

Nikatoa funguo mufukoni nikamunyooshea. Aliiangalia kama vile nimemutemea mate.

"Mzee, unanicheka mbele za wageni?"

Wageni ndio walicheka. Mimi sikuelewa kitu. Yeye anauliza kinga, mimi natoa kinga, na hasira inapanda.

Niseme kwanza mimi ni mutu wa namna gani. Vita iliniacha peke yangu katika nyumba iliyokuwa na watu wengi. Nililala kwenye mashamba ya watu, nikavuka mupaka mpaka Goma, nikabeba mizigo pale, na Kiswahili changu ni hicho cha mizigo. Masomo yangu yaliishia nilipojua kuandika bila kusaidiwa. Watu waliokuwa wanatutafuta watuue kipindi kile walituita majina ya wadudu. Lakini mwizi, hapana. Hilo nililisikia mara ya kwanza hapa Nengo, kando ya ziwa, amani iko, jua linawaka, kwa mudomo wa mutu niliyemufungulia geti kila asubuhi.

Nilikuwa muzamu wa muchana, mulinzi wa geti. Mashine ililetwa wakati watu wa Kigali walipoanza kuja ziwani na hizi gari zisizopiga kelele. Gari inafika mugongoni kwako na haijasema neno! Fundi aliyekuja kuifunga alisema ndani ya waya iko shaba tupu, na wezi wameshajua. Donc, ndiyo maana alileta karton, ndani yake soksi ndefu ya nyuzi za chuma. Waya inavalishwa ile soksi, mwizi akileta musumeno unateleza tu, anachoka, anakwenda. Haya yote nimeyajua nyuma. Siku ile fundi aliangalia saa, akasema hiyo ni kazi ndogo mutamalizia wenyewe, akaweka karton kwenye stoo, akakimbilia bisi. Maneno ya soksi alimwambia Madamu. Mimi niliona karton inapita.

Sasa Madamu. Madamu alikulia Tanzania. Kiswahili chake ni kama cha redio, kinapita mbele yako kizuri, wewe unabaki unatikisa kichwa. Siku ya Ijumaa alikuja getini akaniambia:

"Mzee, kesho umuganda, na wewe uende, wasije wakasema hoteli inaficha watu wake. Kinga ya kebo ipo stoo. Hakikisha umekinga kabla hujaondoka. Sawa?"

"Ndiyo, Madamu."

Mwenye kusoma haya na anajua Kinyarwanda ameshaelewa. Kwetu nyumbani, upepo ukiingia, mama anasema kinga! Maana yake funga mulango. Tangu nilipokuwa mutoto, kinga ni mulango. Nilisikia: kebo, stoo, kinga. Nikajiuliza kidogo, maana kebo iko inje na stoo iko ndani. Bon, nikasema labda iko kebo ingine ndani anayoiogopea. Mukubwa akisema kinga, utamuuliza nini?

Asubuhi ile nilikinga. Nilifunga stoo na kufuli kubwa, nikaivuta kuona kama imeshika. Nikafunga geti na munyororo. Nikafunga madirisha ya jikoni, nikafunga hata choo cha wafanyakazi. Kila kitu chenye mulango nilikikinga. Waya peke yake haikuwa na mulango.

Wageni walikuwa wamelala, barabara tupu kama kila siku ya umuganda, na mutu akapitia upande wa nyumba inayojengwa jirani, akachana uzio wa miti ya miyenzi, akafanya kazi yake. Soksi ya chuma ilikuwa salama kabisa, ndani ya stoo niliyoikinga.

Aliyefungua haya mambo ni mupishi, mwenzangu wa Goma. Tulikuwa jikoni, Madamu alimupigia fundi simu, sauti imefunguliwa wote tusikie, na fundi anasema, "Kwani hamukuivalisha?" Mupishi akaingia stoo, akatoka na ile soksi imening'inia mukononi kama nyoka, akaniangalia, akamwangalia Madamu, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Papa wee! Ulikinga nini, mulango ya mbinguni? Kumbe mulikuwa munasemeshana kama bubu wawili!"

Akaeleza kwamba kinga ya Madamu ni ile soksi, na kinga yangu ni kufunga mulango. Madamu alisikia yote, nilimuona akisikia. Kisha akasema, "Kiswahili ni Kiswahili," na akaniambia nisubiri nyumbani, ataniita.

Hajaniita. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mama watoto alikuwa amesimama mulangoni.

"Wanasema umeuza shaba."

"Nani wanasema?"

"Wote."

Tangu siku ile nakaa ninarudia maneno yote ambayo Madamu aliwahi kuniambia. Nilielewa gani, na gani nilikosea? Aliposema "usijali", nilifanya alichotaka ao nilifanya kingine? Pengine kuna milango mingi nilifunga bure. Pengine na yeye hajui nilichokuwa namujibu.

Lakini wenye makosa nawajua, na sitawaficha. Aliyekata waya ni mumoja, simujui sura. Wa pili ni yule munene anayenunua vyuma nyuma ya soko, anayechoma mipira ya waya muchana watu wanaona moshi, na hamuulizi mutu yeyote ametoa wapi. Wa tatu ni fundi aliyeacha kazi ndani ya karton. Wa nne ni Madamu. Wote wanakula kazi yao mpaka leo. Aliyekaa nyumbani ni mimi.

Jumanne iko kikao cha mutaa, na nimeomba neno. Fundi iko Kigali, na munene nitamuita, simutegemei. Madamu anaishi hapa, njia anaijua. Nataka asimame, achague lugha anayotaka, Kiswahili cha redio, Kinyarwanda, hata Kifaransa nitatafutiwa mwenye kunitafsiria. Swali langu siyo la waya. Siku ile jikoni, ulipokwisha kusikia na kuelewa, Madamu, kwa nini hukurudi kwa wale wageni kuwaambia mimi siyo mwizi? Jibu.